Jaji Sinha: Mwamuzi wa Allahabad aliyembatilishia Indira Gandhi uchaguzi

Saa nne asubuhi mnamo Juni 12, 1975, jaji wa Mahakama Kuu ya Allahabad, kaskazini mwa India, aliketi katika ukumbi nambari 24 na kusoma kiini cha hukumu yenye kurasa 258. Alitangaza kuwa uchaguzi wa mbunge wa Rae Bareli ulikuwa batili kwa kuwa sheria ilivunjwa wakati wa kampeni, na kwamba mbunge huyo hangeruhusiwa kushikilia kiti chochote cha kuchaguliwa kwa miaka sita. Mbunge mwenyewe alikuwa Bi Indira Gandhi, Waziri Mkuu wa nchi hiyo.

Jaji huyo aliitwa Jagmohanlal Sinha. Siku 13 baada ya uamuzi wake, India iliwekwa chini ya hali ya hatari, viongozi wa upinzani wakatiwa korokoroni bila ya kufunguliwa mashtaka, na magazeti yakazibwa mdomo. Hali hiyo ilidumu miezi 21. Wanahistoria wangali wanabishana iwapo hayo yangetokea hata kama hukumu ingekuwa tofauti, maana tayari kulikuwa na migomo, bei za bidhaa zilikuwa zimepanda na maandamano yalikuwa yametanda katika majimbo ya Bihar na Gujarat. Lisilobishaniwa ni kwamba cheche iliyowasha moto huo ilitoka katika ukumbi wa jaji wa jimbo ambaye hadi siku hiyo ni mawakili wachache tu wa nje ya Uttar Pradesh waliomjua kwa jina.

Katika maisha yake ya awali hakuna kilichoashiria kwamba angepata kutajwa katika vitabu vya historia. Alizaliwa mwaka wa 1920 na kupata elimu yake katika miji ya Aligarh, Bareilly na Meerut. Mnamo 1943 alianza kazi ya uwakili mjini Bareilly, mji wa wastani ambako kesi nyingi ni za mashamba, urithi na ugomvi wa majirani. Kwa muda alikuwa wakili wa serikali katika kesi za jinai za wilaya hiyo. Mnamo 1957 aliacha kusimama mbele ya majaji, akawa mmoja wao katika mahakama za wilaya. Alipanda ngazi polepole hadi Januari 1970 alipoteuliwa jaji wa ziada wa Mahakama Kuu, na mnamo 1972 akathibitishwa kuwa jaji wa kudumu.

Njia hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini. Majaji wa Mahakama Kuu nchini India hutoka katika makundi mawili. Wapo mawakili mashuhuri wanaochukuliwa moja kwa moja kutoka ulingo wa utetezi, ambao mara nyingi huja na majina makubwa na marafiki wengi, na wapo wale wanaopandishwa kutoka mahakama za wilaya. Hawa wa pili wamekwisha kutumia miaka mingi wakisikiliza mashahidi, wakipima vielelezo na kuandika kwa mkono maneno ya kila anayepanda kizimbani. Nadharia za katiba si mazoea yao. Mazoea yao ni ushahidi. Kesi iliyomfikia Jaji Sinha, japo iligusa kiti cha Waziri Mkuu, ilikuwa kesi ya ushahidi: nani alifanya nini, siku gani, na wakati huo alikuwa akilipwa na nani.

Mahakama yenyewe ni ya fahari. Kinyume na Kenya, ambako Mahakama Kuu ni moja yenye vituo vingi, nchini India kila jimbo, au kundi la majimbo, lina Mahakama Kuu yake. Ile ya Allahabad ilianzishwa na Waingereza mnamo 1866. Mji ulibadilishwa jina mnamo 2018 na kuitwa Prayagraj, lakini mahakama imebaki na jina la kale. Motilal Nehru, babu yake Bi Gandhi, alijipatia utajiri na sifa akiwa wakili katika mahakama hiyo. Mwanawe, Jawaharlal Nehru, Waziri Mkuu wa kwanza wa India huru, aliwahi kuvaa joho la uwakili humo humo. Bi Gandhi mwenyewe alizaliwa Allahabad mnamo 1917. Kwa hivyo alipoitwa kujitetea, aliitwa nyumbani.

Uchaguzi uliozaa kesi ulifanywa Machi 1971. Chama cha Congress kilikuwa kimegawanyika, na Bi Gandhi aliongoza kundi lake kwa ahadi ya kuondoa umaskini. Alipata ushindi wa kishindo, viti 352 bungeni. Katika eneobunge la Rae Bareli alipata kura 183,309 dhidi ya 71,499 za Bw Raj Narain, msoshalisti mkaidi aliyezoea jela tangu enzi za Mwingereza. Tofauti ilikuwa kura 111,810. Mtu mwingine angekubali yaishe. Bw Narain aliwasilisha kesi ya kupinga matokeo Aprili 24, 1971, na wengi waliichukulia kuwa kelele za mshinde.

Mwishoni mwa mwaka huo jeshi la India liliishinda Pakistan katika vita vilivyozaa taifa la Bangladesh, na umaarufu wa Bi Gandhi ukafika kileleni. Kesi ya Rae Bareli ikawa inajikokota. Ilipitia mikononi mwa majaji kadhaa, wa kwanza akiwa William Broome, Mwingereza aliyebaki India baada ya uhuru na kuchukua uraia wa nchi hiyo. Ilipanda hadi Mahakama ya Juu mjini New Delhi kwa hoja za awali, ikarudi, ikapanda tena. Mnamo 1972 Jaji K.S. Hegde wa mahakama hiyo ya juu ndiye aliyeamua kwamba suala la msaidizi wa Waziri Mkuu, Bw Yashpal Kapoor, lichunguzwe kikamilifu. Hatimaye faili ilitua kwa Jaji Sinha.

Mojawapo ya maamuzi yake ya kwanza yaliyovuta macho lilihusu kijitabu. Bw Narain alitaka serikali itoe kitabu cha kanuni za ulinzi wa Waziri Mkuu anapokuwa ziarani, ili ijulikane ni gharama gani zilizobebwa na serikali na zipi zilipaswa kubebwa na chama. Serikali ilikataa, ikisema ni siri ya dola. Mnamo Machi 1974 Jaji Sinha alikataa dai hilo. Serikali ilikata rufaa, na Januari 1975 Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi wake na kumrudishia suala hilo alitafakari upya. Lakini katika hukumu hiyo hiyo, Jaji K.K. Mathew aliandika kwamba wananchi wana haki ya kujua kila jambo linalotendwa na watumishi wao kwa niaba yao. Maneno hayo yamekuwa msingi wa haki ya kupata habari nchini India, na yalizaliwa na kesi iliyodhaniwa kuwa ya kupoteza wakati.

Mazingira ambamo jaji alifanya kazi hayakuwa ya kumtia moyo mtu mwenye ndoto ya kupandishwa cheo. Aprili 24, 1973, majaji 13 wa Mahakama ya Juu waliamua katika kesi ya Kesavananda Bharati, kwa kura saba dhidi ya sita, kwamba bunge linaweza kurekebisha katiba lakini haliwezi kuharibu muundo wake msingi. Mara tu baada ya hapo serikali ilimteua Jaji A.N. Ray, aliyekuwa upande wa wachache, kuwa Jaji Mkuu, ikiwaruka majaji watatu waliomtangulia kwa muda wa utumishi. Mmoja wa walioruka ni Jaji Hegde. Wote watatu walijiuzulu. Kila jaji nchini alielewa ujumbe.

Machi 18, 1975, Bi Gandhi alipanda kizimbani mjini Allahabad, Waziri Mkuu wa kwanza wa India kufanya hivyo akiwa madarakani. Kabla hajaingia lilizuka swali la adabu: je, waliohudhuria wasimame? Jaji alieleza kwamba kwa desturi ya mahakama watu husimama kwa ajili ya jaji pekee. Bi Gandhi aliingia, watu wakabaki vitini, naye akapewa kiti cha kukalia. Alihojiwa kwa siku mbili. Wakili wa mlalamishi, Bw Shanti Bhushan, hakumpigia kelele wala kumdhihaki. Alimuuliza tarehe.

Tarehe ndizo zilizombana. Sheria ya uchaguzi ya 1951 ilimkataza mwaniaji kutumia watumishi wa serikali kuendeleza nafasi yake ya kushinda. Marufuku hiyo ilianza kufanya kazi pale mtu alipokuwa mwaniaji, na kwa maneno ya sheria wakati huo, mtu alikuwa mwaniaji tangu alipojidhihirisha hadharani kuwa atawania. Bi Gandhi alisema aliamua kuwania Rae Bareli Februari 1, 1971, siku aliyowasilisha karatasi za uteuzi. Lakini Desemba 29, 1970, katika mkutano na wanahabari, aliulizwa kama ni kweli angehamia eneobunge jingine, akajibu kwamba la, hahami. Jaji Sinha aliamua kuwa jibu hilo fupi lilitosha. Tangu siku hiyo alikuwa mwaniaji.

Basi likaja suala la Bw Kapoor. Alikuwa afisa maalumu katika ofisi ya Waziri Mkuu. Aliandika barua ya kujiuzulu Januari 13, 1971, na kusema aliruhusiwa kwa mdomo kuondoka. Agizo rasmi la kukubali kujiuzulu kwake lilitolewa Januari 25. Katika siku hizo za kati alikuwa tayari ameshika njia kwenda Rae Bareli kumfanyia bosi wake kampeni. Jaji alikataa hoja ya ruhusa ya mdomo: mtumishi wa serikali hubaki mtumishi hadi karatasi itoke. Kosa la pili lilikuwa la majukwaa. Maafisa wa jimbo, akiwemo mkuu wa wilaya, mkuu wa polisi na mhandisi wa ujenzi, walikuwa wamesimamia ujenzi wa majukwaa yaliyoinuliwa, vizuizi vya umati na utaratibu wa umeme wa vipaza sauti katika mikutano ya Februari 1971. Serikali ilisema ni ulinzi. Jaji aliona kwamba jukwaa refu linamfanya mwaniaji aonekane na asikike vyema, na huo ni msaada wa kampeni.

Hayo mawili ndiyo yaliyomwangusha. Mengine yote, na ndiyo yaliyokuwa mazito, aliyatupa nje. Bw Narain alikuwa amedai kwamba wapigakura waligawiwa nguo, mablanketi na pombe. Jaji akasema ushahidi hautoshi. Alidai kuwa walisafirishwa bure hadi vituoni, haukutosha. Alidai kwamba nembo ya chama, ng'ombe na ndama wake, ni ishara ya dini ya Kihindu, jaji hakukubali. Alidai kuwa Bi Gandhi alizidisha kiwango halali cha matumizi, rupia 35,000. Jaji alipiga hesabu mwenyewe na kupata kuwa hakuzidisha. Mtu anayetafuta kumwangamiza Waziri Mkuu hangeacha silaha kali namna hiyo na kuokota mbili butu.

Hapo ndipo walipo wakosoaji wa hukumu hiyo hadi leo. Wanasema ilikuwa kama kumfuta kazi mkuu wa serikali kwa kuegesha gari vibaya. Hoja yao si ya kupuuzwa. Kura 111,810 hazikupatikana kwa sababu ya mbao za jukwaa, na hakuna aliyedai hivyo. Lakini sheria iliyotumika haikumuuliza jaji kama kosa lilibadilisha matokeo. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kosa la aina hiyo likithibitishwa, likiwa limetendwa na mwaniaji au kwa idhini yake, uchaguzi hubatilika, na adhabu ya miaka sita hufuata. Sheria hiyo ilitungwa na bunge lililotawaliwa na chama cha Congress, enzi za Nehru. Kama ilikuwa kali kupita kiasi, wa kulaumiwa hakuwa mtu aliyeisoma.

Kuhusu majuma ya mwisho kabla ya hukumu kumesimuliwa mengi, na si yote yanayoweza kuthibitishwa. Kesi ilipomalizika kusikizwa mwezi Mei, jaji alijifungia nyumbani kuandika. Mwanahabari Kuldip Nayar aliandika baadaye kuwa kulikuwa na juhudi za kuchelewesha hukumu, na kwamba wapelelezi walimwandama karani wake wa maandishi ili wajue hukumu ingekuwaje. Watu waliobisha mlangoni waliambiwa kuwa mwenye nyumba amesafiri. Bw Bhushan naye alisimulia kwamba Jaji Sinha alimweleza, miaka baadaye, jinsi mkubwa mmoja wa mahakama alivyomtembelea na kumdokezea kuwa jina lake lilikuwa likifikiriwa kwa nafasi katika Mahakama ya Juu. Jaji mwenyewe hakuandika kitabu juu ya mambo hayo.

Aliposoma hukumu, mawakili wa Bi Gandhi waliomba isimamishwe kwa muda ili chama kipate nafasi ya kumchagua kiongozi mwingine. Aliyesukuma ombi hilo ni wakili kijana, V.N. Khare, ambaye mnamo 2002 alikuja kuwa Jaji Mkuu wa India. Jaji Sinha alitoa siku 20. Jambo hili husahaulika na wale wanaomchora kama adui wa Waziri Mkuu. Angeweza kukataa, na Bi Gandhi angepoteza kiti papo hapo.

Siku hiyo ilikuwa mbaya kwa serikali pande zote. Asubuhi alifariki D.P. Dhar, mwandani na mshauri wa Bi Gandhi, na jioni ikajulikana kuwa Congress imeshindwa katika uchaguzi wa jimbo la Gujarat. Rufaa ilifika mbele ya Jaji V.R. Krishna Iyer, aliyekuwa zamu wakati wa likizo ya Mahakama ya Juu. Juni 24 aliamua kwamba Bi Gandhi anaweza kuendelea kuwa Waziri Mkuu na kuingia bungeni, lakini asipige kura huko wala asipokee mshahara wa ubunge hadi rufaa iamuliwe. Upinzani ulisema Waziri Mkuu asiyeweza kupiga kura si Waziri Mkuu. Jioni ya Juni 25, mzee Jayaprakash Narayan alihutubia umati mkubwa mjini Delhi akimtaka ajiuzulu. Kabla ya usiku wa manane Rais Fakhruddin Ali Ahmed alikuwa ametia sahihi tangazo la hali ya hatari. Umeme ulikatwa katika mtaa wa Delhi wenye mitambo ya magazeti. Bw Narain, mlalamishi aliyeshinda kesi, alikuwa miongoni mwa waliokamatwa.

Yaliyofanywa na bunge baada ya hapo yanaonyesha jinsi hukumu ya Allahabad ilivyosomwa kwa makini na wale iliyowauma. Mapema Agosti 1975 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, na marekebisho yakapewa nguvu ya kurudi nyuma hadi wakati wa uchaguzi wa 1971. Mtu atahesabiwa kuwa mwaniaji baada tu ya kuteuliwa rasmi, wala si anapojibu swali la mwanahabari. Tarehe ya kujiuzulu kwa mtumishi itakuwa ile itakayotajwa katika gazeti rasmi la serikali. Maafisa wanaopanga ulinzi na majukwaa kwa wajibu wa kazi yao hawatahesabiwa kuwa wamemsaidia mwaniaji. Tundu zote tatu zilizibwa moja baada ya nyingine.

Isitoshe, Agosti 10 yalianza kutumika marekebisho ya 39 ya katiba, yaliyopitishwa na mabunge mawili, yakaidhinishwa na majimbo na kutiwa sahihi na Rais katika muda wa siku nne. Yaliondolea mahakama uwezo wa kusikiliza kesi juu ya uchaguzi wa Waziri Mkuu, na kutangaza kuwa hukumu iliyokwisha kutolewa haina nguvu. Rufaa ilikuwa imepangiwa kusikizwa Agosti 11.

Novemba 7, 1975, majaji watano wa Mahakama ya Juu walitoa uamuzi uliompa kila upande sehemu yake. Kwanza walifuta kifungu kilichomkinga Waziri Mkuu dhidi ya mahakama, wakisema kinavunja muundo msingi wa katiba. Ilikuwa mara ya kwanza nadharia hiyo ya 1973 kutumiwa kuangusha marekebisho ya katiba. Kisha walikubali sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa, wakaitumia, na kwa sheria hiyo mpya Bi Gandhi hakuwa na kosa. Akabaki na kiti chake. Hukumu ya Jaji Sinha ilibatilishwa bila ya kukosolewa sana katika ukweli wa mambo. Alichopindua bunge ni ardhi aliyokuwa amesimama juu yake.

Kwa msomaji wa Kenya jina la nadharia hiyo si geni. Mahakama Kuu ya Nairobi ilipoharamisha mpango wa marekebisho ya katiba wa BBI mnamo Mei 2021, na Mahakama ya Rufaa ilipokubaliana nayo Agosti mwaka huo, muundo msingi wa katiba ulikuwa katikati ya mjadala, na maamuzi ya India yalinukuliwa kwa wingi. Mahakama ya Juu ya Kenya ilikataa kuitumia nadharia hiyo Machi 31, 2022, ingawa ilikubali kuwa mpango wenyewe ulikuwa na kasoro. Uhusiano wa sheria za nchi hizi mbili ni wa tangu enzi za ukoloni, wakati Waingereza walipoleta sheria za India za jinai, za mikataba na za ushahidi zitumike Afrika Mashariki. Hata leo sheria ya ushahidi ya Kenya ina sura ya mama yake wa Kihindi. Kilichotofautiana ni bahati ya walalamishi. Kesi ya Bw Mwai Kibaki ya kupinga ushindi wa Rais Daniel arap Moi katika uchaguzi wa 1997 ilitupwa kwa sababu Rais hakukabidhiwa stakabadhi mkononi, na ushahidi haukufikia kusikizwa. Ilibidi kungoja hadi Septemba 1, 2017, ndipo mahakama ya Kenya ikafuta uchaguzi wa rais.

Wengine huuliza jaji wa jimbo alipata wapi uthubutu. Sehemu ya jibu imo katika katiba ya India, ambayo hairuhusu jaji wa Mahakama Kuu kuondolewa ila kwa kura ya thuluthi mbili ya wabunge waliohudhuria katika kila bunge, kwa utovu wa nidhamu au kutoweza kazi uliothibitishwa. Nchini Kenya ulinzi wa namna hiyo uliondolewa kwa majaji mnamo 1988 na kurejeshwa 1990. Lakini ulinzi wa katiba haumzuii mtu kuhamishwa, na wakati wa hali ya hatari majaji 16 wa Mahakama Kuu za majimbo walihamishwa bila ridhaa yao. Mahakama Kuu tisa, ile ya Allahabad ikiwa mojawapo, zilikuwa zimeamua kwamba waliozuiliwa wana haki ya kufika mbele ya jaji. Aprili 1976 Mahakama ya Juu ilizipinga zote kwa kura nne dhidi ya moja. Aliyekataa peke yake, Jaji H.R. Khanna, alirukwa katika uteuzi wa Jaji Mkuu mwaka uliofuata, akajiuzulu. Jaji Sinha hakuguswa. Alibaki Allahabad akisikiliza kesi zake.

Machi 1977 ulifanyika uchaguzi ulioitishwa na Bi Gandhi. Rae Bareli ilimkataa. Bw Narain, aliyetoka jela, alipata kura 177,719 dhidi ya 122,517, na miaka sita baada ya kushindwa akawa amepata kwa masanduku ya kura kile alichokipata mahakamani na kunyang'anywa. Bw Bhushan akawa waziri wa sheria katika serikali mpya. Alisimulia kwamba alimtaka Jaji Sinha akubali kuhamia jimbo jingine ambako angepata nafasi ya kuwa Jaji Mkuu wa mahakama ya huko. Jaji alikataa. Alisema hana tamaa ya makuu, na kwamba anajenga nyumba ndogo mjini Allahabad ambamo angependa kukaa.

Januari 1980 Bi Gandhi alirudi madarakani kwa wingi mkubwa wa viti, na Jaji Sinha alikuwa bado kazini. Aliendelea kusikiliza kesi hadi Mei 1982, alipotimiza umri wa miaka 62 na kustaafu kama sheria inavyotaka, cheo chake kikiwa kile kile alichokuwa nacho siku ya hukumu. Bi Gandhi aliuawa na walinzi wake Oktoba 31, 1984. Bw Narain alifariki mwishoni mwa 1986. Jaji Sinha aliishi kimya Allahabad kwa zaidi ya robo karne nyingine, akikwepa mahojiano, hadi alipofariki Machi 20, 2008, akiwa na umri wa miaka 87.